Mama Mkwe Nyuma ya Ukuta

Ilikuwa Jumanne, siku ya vidonda. Kwenye mabenchi ya zahanati walikaa watu kumi na saba, na mimi nilikuwa nimeinama nikifungua bandeji ya mchunga ng'ombe mmoja wa Ilongero, niliposikia kimya. Watu wa zahanati hawanyamazi. Hata mwenye homa kali humsimulia jirani yake alivyolala. Niliinua macho kidogo tu, nikaona miguu ya mwanamke mzee, haina viatu, imejaa vumbi hadi magotini. Kisha kaniki ikadondoka juu ya miguu ile, na sauti ikauliza maji ya kumwogeshea mtoto yako wapi.

Benchi moja lilianguka. Watu walitoka mbio kwa mlango na kwa dirisha. Yule mchunga ng'ombe aliruka kwa mguu mmoja, bandeji ikimfuata nyuma kama mkia. Sikuelewa walikuwa wakikimbia nini, maana katika zahanati tumeona uchi wa watu wengi. Ndipo Stumai, mjane aliyekuwa akifagia pale, aliponiinamia sikioni.

"Funika uso, Lazaro. Ni mkweo."

Nilijifunika kwa daftari la wagonjwa. Nilikaa hivyo nikimsikia Stumai akimvika yule mama, akimbembeleza, akimtoa nje.

Kwetu, katika miaka ile ya Mwingereza, mwanamume na mama wa mkewe hawakutazamana. Wakikutana njiani, mmoja aliingia vichakani na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Hawakula pamoja, hawakupeana mkono, na neno la mmoja lilimfikia mwenziwe kwa mdomo wa mtu wa tatu. Nilikuwa nimeishi na Felista miaka kumi na minne, tumezaa watoto watatu, na sikuwahi kuuona uso wa mama yake. Sauti yake nilikuwa nimeisikia labda mara nne, tena kupitia mlango uliofungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na sisi wawili tulikuwa tukiheshimiana sana. Na mwanamke mzee akijivua nguo mbele ya mkwe wake kwa kusudi, jambo hilo lilipita aibu. Ilikuwa laana. Ilikwenda kwenye tumbo la binti yake na kwa watoto waliokwisha kuzaliwa.

Habari ilinitangulia nyumbani. Nilipofika jioni nilimkuta baba mkubwa Mughwai ameketi uani kwangu, fimbo ameilaza magotini. Baba yangu alikufa ningali mdogo, kwa hiyo Mughwai ndiye aliyenilea, na ndiye aliyekwenda kunitolea ng'ombe wa mahari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Hakuwa mtu wa hasira. Alisema wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukutana, na wengi walitaka Felista arudi kwa kaka yake kesho yake asubuhi, watoto wabaki. Yeye alikuwa amewaomba siku nane.

"Mwenye vitabu ni wewe," aliniambia. "Kama mama yule ni mgonjwa, tutachinja kondoo, tutatakasa nyumba, mambo yatakwisha. Kama alifanya kwa kusudi, mkeo ataondoka. Kapime, uniambie. Nitalishika neno lako."

Nilitaka kukataa. Mtu hapimi kesi ambayo mkewe ndiye atakayehukumiwa. Lakini hapakuwa na mwingine. Daktari Mzungu wa wilaya alikuja mara moja kwa mwezi, na mwezi huo alikuwa amekwisha kupita. Mimi nilikuwa dresa tu, mfunga vidonda wa zahanati ya serikali ya wenyeji. Udaktari wangu niliuokota. Nilifagia hospitali ya misheni miaka sita, nikasoma kila karatasi iliyotupwa, nikamuuliza kila aliyekubali kuulizwa. Daktari wa pale alinifundisha jambo moja nililolishika. Mzee akianza kupotewa na akili, alisema, usikimbilie kusema ni uzee. Kwanza tafuta wezi wanaoweza kukamatwa: kaswende ya zamani, kuanguka na kuumia kichwa, homa iliyojificha, lishe mbaya inayochubua ngozi ya shingo na mikono. Ukiwakosa wote, ndipo useme ni ubongo unaochakaa. Na huo hauna dawa.

Usiku ule sikumwambia Felista alichosema baba mkubwa. Nilimwambia tu kuwa nimeagizwa kumpima mama yake akili, na kwamba kutokana na kipimo hicho wazee wataamua. Upande upi ungemwokoa na upi ungemfukuza, nilinyamaza. Nilikuwa na sababu niliyoiona safi. Nilihitaji mtu wa kumuuliza mama maswali kwa niaba yangu, na mtu huyo hangeweza kuwa mwingine ila Felista. Na kama angejua jibu linalomfaa, angeweza kuelekeza maswali bila hata kukusudia. Kipimo kizuri hakitaki mpimaji mwenye hamu. Nilijisifu kimoyomoyo kwa wazo hilo.

Maswali niliyatunga mwenyewe siku tatu. Daktari wa misheni alikuwa akiwauliza wazee leo ni tarehe gani, na mfalme wa Uingereza anaitwa nani, kisha akashangaa kuwa sisi Wanyaturu wote tumepungukiwa akili. Mimi niliuliza mengine. Taja watoto wako wote, walio hai na waliokufa, kwa mfuatano. Pombe ya mtama hupikwaje, tangu kuloweka hadi kuchuja. Jana jioni mlikula nini, na nani alipakua. Nilitoa pia maneno matatu, mchi, beberu na mvua, ayarudie papo hapo, kisha aulizwe tena baada ya maswali mengine kumi. Yalikuwa maswali ishirini. La mwisho lilikuwa: kwa nini ulikwenda zahanati Jumanne ile?

Mama alikaa kwa mwanawe Gabrieli, shemeji yangu, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Siku ya tano tulikwenda. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaketi chini, mgongo ukutani, karibu na tundu dogo la kupitishia moshi. Ilikuwa nyumba ya tembe, kuta nene za udongo, na sauti ilitoka tunduni ikiwa imefifia kidogo lakini inasikika. Felista aliingia ndani na karatasi ya maswali. Nilisubiri kitambo. Nilisikia vigoda vikisogezwa, kunong'ona, kisha maswali yakaanza.

Nilishangaa tangu jibu la pili. Watoto wote saba walitajwa, na wawili waliokufa walitajwa mahali pao. Pombe ilipikwa vizuri hata mimi nikasikia kiu. Jana walikula ugali na mlenda, Klara, mke wa Gabrieli, ndiye aliyepakua, na mlenda ulizidi chumvi. Mchi, beberu, mvua. Na baada ya maswali kumi, mchi, beberu, mvua tena bila kusita. Katikati pale, sauti ilipoulizwa juu ya ng'ombe wa mahari, ilifanya utani.

"Mwambie huyo aliyejificha kama fuko: ng'ombe wangu nawajua kuliko anavyomjua mkewe."

Nilitabasamu peke yangu nyuma ya ukuta. Nilijisemea kuwa kumbe mama mkwe wangu ni mcheshi, na nimepoteza miaka kumi na minne bila kumjua. Kisha Felista akauliza swali la mwisho. Baadaye sauti ikajibu, polepole na kwa adabu, "Nilikwenda kumwona mkwe wangu."

Niliandika majibu sahihi: kumi na tisa, mbali na lile la mwisho. Niliyasoma tena na tena. Mtu mwenye akili hii hapotei njia ya saa nzima, hasahau nguo yake, haulizi maji ya mtoto asiyekuwapo. Alijua anakwenda kwa nani. Nilitafuta pa kutilia shaka nikakosa. Nilitamani sana kosa lipatikane, na kwa sababu nilitamani, nikajikataza kuendelea kutafuta. Hilo nalo niliona ni haki.

Njiani Felista alitembea mbele yangu kwa hatua nyepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Aliniuliza nimeonaje. Nilijibu kuwa mama yake ana akili timamu. Akashusha pumzi, akasema, "Ashukuriwe Mungu."

Nilidhani hajui alichoshukuru, na nilikuwa sahihi kuliko nilivyofahamu.

Kesho yake nilikwenda kwa baba mkubwa nikamsomea matokeo yote, swali kwa swali. Alisikiliza akichora chini kwa ncha ya fimbo. Aliniuliza kama nina hakika. Nilisema kwa vipimo nilivyo navyo, nina hakika. Akasema amesikitika, maana alimpenda Felista kama binti yake, na alikumbuka uji aliomletea alipougua mapafu. Lakini neno lilikuwa limetoka. Aende kwao keshokutwa, kabla ya jua kuwa kali.

Nilirudi nyumbani nikasimama mlangoni mwa jikoni. Felista alikuwa akisonga ugali. Sara, binti yetu mkubwa, alikuwa ametumwa maji. Nilimweleza yote kwa mpangilio: siku nane, kondoo, wazee, ugonjwa na kusudi. Alisimama na mwiko mkononi, ugali ukaanza kuungua na hakuna aliyeuondoa motoni.

"Baba Sara," alisema. "Ina maana angeonekana mgonjwa, ningebaki?"

Nilisema ndiyo.

Aliketi chini palepale, juu ya kuni. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Yule niliyemuuliza alikuwa Klara."

Nilimwomba arudie. Alirudia. Mama alikuwa chumba cha ndani, mlango umefungwa. Aliyekaa kwenye kigoda na kujibu maswali yangu ishirini alikuwa wifi yake, mke wa Gabrieli, aliyezijua hadithi zote za nyumba ile kwa sababu mama alikuwa amezisimulia kila siku kwa miaka miwili, zilezile. Ule utani wa fuko ulikuwa wa Klara. Mimi nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka pale, nimesikiliza saa nzima, na sikuweza kutambua kuwa si sauti ya mama wa mke wangu, kwa kuwa zile mara chache nilizoisikia hazikutosha kuijua.

Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia kuhusu mtu mmoja wa Kintinku, jamaa ya Klara, aliyeandikwa na dresa wa huko kuwa amepotewa na akili. Karatasi ilikwenda kwa Bwana Shauri, mtawala Mwingereza wa wilaya, akaja askari, mgonjwa akapakiwa kwenye lori kwenda Dodoma kwenye hospitali ya wendawazimu, na mpaka leo jamaa zake hawajamwona tena. Na ukoo ukishasemwa una wazimu, nani ataoa humo? Nani ataendelea kukaa na mke mwenye damu hiyo? Aliposikia neno kupima akili, aliona kuna njia moja tu ya kubaki kwangu. Karatasi ya maswali ilikuwa mikononi mwake tangu nilipomaliza kuiandika, na walifanya mazoezi siku mbili, yeye na Klara.

"Nilifikiri namponya mama, na mimi mwenyewe," alisema. "Ungeniambia."

Nilikuwa nimemficha ukweli ili asinidanganye, na kwa kumficha nilimfanya adanganye.

Alfajiri nilikuwa uani kwa Mughwai. Nilimweleza. Alinitazama kama anayemtazama ndama mwenye miguu mitano.

"Jana akili timamu, leo mgonjwa," alisema. "Dawa zako zinageuka upesi, Lazaro. Mwanamke anayefukuzwa kesho, leo angesema mama yake ni ndege."

Alisema kweli. Mimi mwenyewe nisingeamini. Nilikaa nikifikiri, kisha nikamwambia kilichobaki: twende sote wawili, sasa, bila kutoa taarifa. Nitaingia ndani. Nitaketi mbele ya mama mkwe na kumtazama usoni, na kumshika, nimpime kama ninavyompima mgonjwa mwingine yeyote, na yeye mzee atazame. Baba mkubwa aliinuka taratibu. Aliniuliza kama najua ninachosema. Nilijua. Wapo watu ambao hawangekula tena nyumbani kwangu.

Tulipofika kwa Gabrieli hapakuwa na mtu uani. Walikuwa shambani wote. Mlango wa chumba cha ndani ulizuiwa kwa gogo kwa nje. Nililiondoa. Harufu ilitoka kwanza. Macho yalipozoea giza nilimwona mwanamke mwembamba ameketi chini, ungo magotini, vidole vikichambua mtama upesi na kwa ustadi, kokoto huku, punje kule. Ungo ulikuwa mtupu. Kutoka mguu wake wa kushoto kamba ya katani ilikwenda mpaka kwenye nguzo.

Baba mkubwa alishika kizingiti. Nimekata vidole vilivyooza na nimefukia watoto wa surua, lakini kitu kama kile sikuwa nimekiona.

Mama aliinua kichwa. Alinipita mimi kwa macho, akamwona mzee.

"Mughwai, umechelewa," alisema. "Ng'ombe wako wapi?"

Alipepeta ungo mtupu, akaendelea.

"Na usiniletee tena yule wa baka jeupe mwenye pembe moja. Binti yangu si wa pembe moja."

Baba mkubwa alinigeukia, uso umebadilika rangi. Aliniambia kwa kunong'ona kuwa ng'ombe yule alikuwapo kweli. Alimpeleka siku ya kwanza ya maongezi ya mahari yangu, mama akamkataa, na wote walicheka. Kisha akaingia ndani, akaketi juu ya mafiga yaliyopoa, na kumjibu kwa upole kuwa amemwacha yule wa pembe moja nyumbani, na kesho ataleta mtamba mzuri. Mama alifurahi. Alirudi kwenye ungo wake. Baada ya muda mfupi, mfupi kuliko wa kujaza kibuyu, aliinua kichwa.

"Mughwai, umechelewa. Ng'ombe wako wapi?"

Mzee alimjibu vilevile. Mara ya tatu vilevile, kwa sauti ileile, kana kwamba hajaulizwa kabla. Mimi niliyesoma nisingefanya hivyo, ningemsahihisha.

Nilipiga magoti mbele yake na kuinua macho. Ulikuwa uso wa Felista, umezeeka, una mwanya uleule. Hakujifunika. Hakugeuka. Alinikagua kutoka nywele hadi viatu.

"Huyu mtoto wa nani?" aliuliza. "Mbona ananitazama kama amepotelewa na mbuzi?"

"Ni wangu," alisema Mughwai. "Ni mtoto mzuri."

Nikaanza kupima. Nilimpa maneno matatu, akayarudia vizuri; nilipomuuliza baadaye, hakukumbuka kuwa kuna maneno yaliyosemwa. Nilimgeuzia kwenye mwanga wa mlango nikatazama mboni zikisinyaa, sawasawa zote mbili. Nilipapasa kichwa kizima nikitafuta kovu au bonde. Nilitazama ulimi, kope, ngozi ya shingo, migongo ya mikono. Niliomba ngozi iwe imechubuka. Sijawahi kutamani ugonjwa kwa mtu kama nilivyoutamani ule, kwa sababu ule una tiba: maziwa, karanga, nyama, na vidonge vya daktari. Ngozi ilikuwa laini na safi, walikuwa wakimlisha. Niligonga magoti, miguu ikaruka inavyotakiwa. Nilipima homa, hapakuwa na homa. Niliwatafuta wezi wote mmoja mmoja, sikumkuta hata mmoja.

Basi ulikuwa ule usio na dawa. Na ndio uliobakiza mke wangu nyumbani. Nilikaa nimeshika mkono wake, na nilishtuka kuona kuwa kifuani mwangu mlikuwa na furaha.

Mguu niliuacha mwisho. Kamba ilikuwa imezama. Nilipoikata kwa mkasi, nyama chini yake ilikuwa ya kijani, na inzi walikuwa wamekwisha kutaga. Kwa hesabu yangu hakikuwa kidonda cha siku chache. Jumanne ile, wakati naona miguu yenye vumbi, kidonda kilikuwapo chini ya vumbi. Mimi, mfunga vidonda, nilijifunika kwa daftari.

Nilisafisha kwa maji ya chumvi aliyonichotea baba mkubwa kwa mkono wake mwenyewe. Mama alivumilia mara mbili. Mara ya tatu alinipiga ungo kichwani na kuniambia niende nikajifunzie kwa mbuzi. Baba mkubwa alicheka, kisha akaziba mdomo, nikaona machozi.

Gabrieli alitukuta hivyo: mkwe amemshika mama mguu, mzee wa ukoo wetu ameshika bakuli. Jembe lilimtoka begani. Aliangalia kamba iliyokatwa, kisha sisi, kisha chini. Alianza kusema haraka. Mwaka jana mama aliingia kwenye shimo la udongo akalala humo siku nzima. Mwaka huu aliwasha moto ndani ya ghala. Klara ana mimba na shamba haliwezi kungoja. Siku ile alipofika zahanati, kamba ilikuwa imekatika.

"Tulimfunga kwa kitambaa kwanza," alisema. "Alikifungua. Ungefanya nini wewe, shemeji?"

Nilifikiri swali lake kwa haki, kama nilivyozoea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake na jambo lisilo na jina.

Mughwai alisema haikuwa laana, na kwamba atawaambia wazee yeye mwenyewe. Kuhusu Felista hakuna wa kusema tena. Kisha akaniuliza dawa. Nilisema hakuna.

"Basi kujua kwako kunasaidia nini?"

Nilimwambia. Ugonjwa huu hauponi lakini unachungwa. Asifungwe. Asibishiwe, ajibiwe kama yeye mzee alivyomjibu. Ale wakati uleule, mahali palepale. Moto ukae mbali naye. Apewe kazi ya mikono, hata kama ungo ni mtupu, ila afadhali uwe na mtama. Na awepo mtu mmoja wa kutembea naye atakapo kutembea, maana kuzuiwa ndiko kunakomtia woga, na woga ndio unaomkimbiza.

"Mtu huyo ni nani?" aliuliza Mughwai.

Gabrieli alitazama ukuta. Nilisikia mdomo wangu ukisema kuwa tutamchukua sisi, akae kwangu, Stumai atasaidia mchana. Nilikuwa wa kwanza kushtushwa na maneno hayo. Mama mkwe chini ya paa la mkwe wake: hakuna aliyewahi kuyasikia hayo kwetu. Gabrieli aliketi chini. Baba mkubwa akasema kondoo mmoja hatatosha.

Alipelekwa mtu kumwita Felista. Alikuja akikimbia, kitambaa cha kichwa mkononi, akijua tu kuwa ameitwa. Alimkuta mama uani, juani, mguu mweupe kwa bandeji, na mimi nimeketi karibu naye bila kugeuka. Alisimama mbali. Nilimwambia anabaki, na mama anakwenda nasi. Hakulia wala hakushukuru. Alimwendea mama, akamwinua kwa kumshika kwapa, na mimi nikamshika upande wa pili.

Tulitembea watatu. Baba mkubwa alitangulia ili watu tutakaokutana nao wamwone yeye kwanza. Kila baada ya miti kumi mama alisimama na kutaka kurudi, kwamba mtoto hajaogeshwa. Mara mbili za kwanza nilimwambia hakuna mtoto, akapiga kelele na kuning'ata kidole. Mara ya tatu Felista alimwambia mtoto ameoga na amelala. Mama akaridhika, tukaendelea.

"Hukuijua sauti ya mama," alisema Felista baadaye, bila kunitazama. "Lakini ya kwangu uliijua. Hukusikia kuwa nadanganya?"

Nilisema nilikuwa nikisikiliza majibu tu.

Mama alisimama tena. Safari hii aliketi kabisa, katikati ya njia, akasema amechoka, na watu hawa wawili asiowajua hawajamkaribisha hata maji. Felista aliketi naye. Nilimwita baba mkubwa asubiri, nikaketi upande wa pili, na nikamkaribisha.